Muulize Fundi: Boti ya nitro ya injini mbili, kutoka stoo hadi majini

Toleo lililopita niligusia tu kidogo boti za remoti zinazotumia mafuta, na barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia, zingine na picha, zingine ni swali la mstari mmoja. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu ju najua kuna wengine wana kitu kama hicho kimefunikwa na gunia mahali.

Fundi habari. Mjomba wangu alikuwa baharia, akarudi na boti ya remoti ya mafuta, ina injini mbili zimekaa bega kwa bega, kila moja 3.5cc. Alifariki na boti ikabaki stoo hapa Umoja tangu 2009. Juzi nimeitoa, flaiwili zote mbili hazizunguki hata kidogo. Nimejaribu na spana zikakataa. Bodi ina ufa hapo mbele na mbao za ndani zimekuwa nyeusi. Jirani ananiambia injini zilishika, niuze kwa kilo. Kuna matumaini? – Msomaji, Umoja

Pole kwa mjomba, kaka, na asante umeandika kabla ya kuita mtu wa vyuma. Hizo injini karibu nina hakika hazijafa, zimegandana tu.

Kwanza weka hiyo spana chini, usiiguse tena wiki hii. Mafuta ya hizi injini ni methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha, na zamani hayo ya kulainisha yalikuwa sana sana ya mbarika, ile nyonyo unaiona ikimea yenyewe kando ya mito na reli hapa Nairobi. Mbarika ni mafuta mazuri sana injini ikiwa moto, yanashikilia chuma hata joto likipanda vibaya, lakini yakiachwa ndani miaka yanageuka, kwanza yanakuwa kama asali alafu yanakauka kama vanishi ya meza. Sasa pistoni yako imeshikwa na hiyo vanishi na ukilazimisha na spana kitu kitavunjika si vanishi, ni konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni, ambayo kwa injini ya 3.5cc ni fupi kuliko kidole chako kidogo. Hapo ndipo boti nyingi nzuri zimeuawa, si kwa kukaa stoo, ni siku ile mtu alizitoa stoo akiwa na haraka.

Tumia joto kabla ya nguvu. Toa plagi, ile yenye waya mdogo ndani unaowasha mafuta, dondosha mafuta ya kulegeza nati pale kwa tundu la plagi na pale kwa kabureta, acha ilale usiku mmoja. Kesho yake azima draya ya nywele, ile ya saluni yenye nguvu, ichape silinda joto dakika kumi hivi mpaka huwezi kuishika na mkono mtupu. Alafu shika flaiwili na kitambaa, peleka huku rudisha huku, kidogo kidogo, kama mtu anafungua kifuniko cha chupa ya dawa. Isipotoka pasha tena. Wakati inaachilia utaiskia kwa kidole gumba kabla uione kwa macho, kuna mnaso kama plasta inabanduka kwa ngozi, alafu inateleza nusu milimita, alafu mbili, alafu inazunguka. Mimi hiyo dakika sijawahi kuizoea, na nimefungua nyingi.

Ikizunguka utaona ukifika juu kabisa inakaza tena. Usiogope! Injini nyingi za aina hii zina pistoni ya alumini ndani ya laina, yaani bomba la silinda, ya shaba iliyopakwa kromu, na laina imetengenezwa ikiwa nyembamba kidogo kule juu makusudi, ndio ikipata moto ipanuke na ikae sawa. Kukaza juu ikiwa baridi ni afya. Isipokaza ndio uanze kuwa na wasiwasi.

Sasa fungua zote mbili, na hapa nakuomba sana, chukua bakuli mbili. Injini ya kushoto yake, ya kulia yake. Pistoni na laina zilizeeka pamoja, zilisuguana mpaka zikajuana, ukichanganya ya huku na ya kule umepoteza injini mbili kwa mpigo. Mimi natia doti ya rangi ya kucha kwa kila kipande cha kushoto kabla ya kulegeza hata skrubu moja.

Ule uchafu mweusi uliochomeka haumaliziki na petroli. Unatoa raba zote na kila kitu cha plastiki, unaweka vyuma kwa sufuria kuukuu, unamwagia kulanti ya gari mpaka vizame, unaweka kwa jiko la moto mdogo sana, isichemke, masaa kadhaa. Vinatoka vikiwa kama vimetoka dukani. Lakini fanyia nje ya nyumba, na hiyo sufuria isirudi jikoni milele. Kulanti ni sumu na ina utamu, kwa hivyo watoto na mbwa wakae mbali.

Beringi utazipata na kutu, hiyo usishangae. Methanoli inavuta maji kutoka kwa hewa na nitro ikiungua inaacha asidi, hivyo viwili vikikaa pamoja miaka hiyo yote hakuna beringi inapona. Pasha bodi ya injini kwa oveni kama digrii 150, igonge kwa ubao, zinaanguka zenyewe, usizipige na patasi. Alafu nenda nazo Kirinyaga Road, pale wazee bado wanaita Grogan, ukiwa na vipimo vyako vya venia, kile kipimio cha milimita: tundu la ndani, upana wa nje na unene. Ile ya mbele kwa injini nyingi za saizi yako ni 7 kwa 19 kwa 6, namba yake ni 607, hata mwenye duka asiyejua boti ni nini atakupatia. Ya nyuma ndio inabeba kazi, injini inapita mizunguko 20,000 kwa dakika, hapo usinunue ya bei ya chini, afadhali ungoje mwezi ukusanye pesa.

Bodi sasa. Hizo mbao nyeusi zimekunywa mafuta na resini haishiki kwa mbao yenye mafuta, hata uoshe na asetoni mara ngapi. Kata zitoke zote, weka plaiwudi mpya ya ile isiyoogopa maji. Ufa wa mbele piga msasa kwa ndani, pande zote mbili za ufa upana wa vidole vitatu, weka fiba na eposi tabaka mbili. Rangi usipulizie ile ya kopo, nitro inaiyeyusha siku ya kwanza tu ukimwaga tone. Peleka kwa fundi wa kupaka magari umwambie ni ile ya kuchanganya na hadena, atajua. Na kabla ya kufunga juu jaza foamu kila kona iliyo wazi, ndio boti ikipinduka ielee badala ya kuzama na kazi yako yote.

Remoti ya mjomba bila shaka ni ya 27 MHz. Itunze kama kumbukumbu. Kwa boti weka ya 2.4 GHz yenye failisefu, na uiseti hivi: signali ikipotea servo, ile mota ndogo inayovuta fimbo za kabureta, inafunga kabureta zote mbili. Ijaribu hapo mezani kwa kuzima remoti. Usipofanya hiyo usiipeleke majini.

Fundi, yangu inatembea lakini kebo ya upande wa kushoto, ile ya kutoka injini hadi propela, inakatika kila mara. Nimebadilisha tatu. Ya kulia haijawahi kukatika. Nimepima laini ya shafti, iko sawa. Fundi mmoja ananiambia ni grisi. – Wa Juja

Si grisi ndugu yangu, japo grisi pia ni muhimu. Naomba uangalie kitu kimoja: je, hizo injini zako zinazunguka mwelekeo mmoja?

Injini ya kawaida ukiitazama ukiwa nyuma ya boti inazunguka kinyume cha mshale wa saa. Kwa boti ya injini mbili wengi wanageuza moja izunguke upande wa pili, ndio msukosuko wa propela moja ukatane na wa mwenzake na boti isilale ubavu. Lakini kebo ile ni nyuzi za chuma zimesokotwa kama kamba, na kamba yoyote ukiizungusha upande wa msokoto inakaza, ukiizungusha kinyume inafunguka. Chukua kebo ya kushoto uishike kwa vidole, mkono huu na mkono ule, ukaipotoe. Upande mmoja itakuwa nyembamba na ngumu, upande mwingine utaona nyuzi zinaachana, mwanga unapita katikati. Nashuku injini yako ya kushoto ndio iliyogeuzwa na umekuwa ukinunua kebo za kawaida, kwa hivyo kila ukifungua gesi kuongeza mwendo unaifumua.

Agiza iliyosokotwa kinyume. Inapatikana, lakini lazima useme, duka likikuona umenyamaza litakutumia ya kawaida. Propela nayo iwe ya mkono ule mwingine, yaani ya kuzunguka kinyume, nadhani hiyo unayo tayari ju boti inatembea. Na ukifunga kebo mpya acha nafasi ya milimita 3 hadi 5 kati ya kile kishikio cha propela na ile bomba ya shafti, ju kebo ikikaza inakuwa fupi, ikikosa pa kwenda inavuta kila kitu nyuma na kula beringi zako mpya. Kila jioni baada ya kukimbiza ichomoe, pangusa, paka grisi isiyooshwa na maji, rudisha. Dakika tano tu.

Nilinunua boti ya pili mkono kutoka Uingereza, mwenyewe alinitumia video inaruka kama swala. Hapa Nairobi inatoa moshi mwingi, inavuta pole pole, na injini moja inakufa ikikata kona. Nimedanganywa? – Msomaji, Kahawa West

Hapana, hujadanganywa, umepanda mlima tu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ya hapa ina msukumo wa kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Kabureta iliyoseti karibu na usawa wa bahari ikija hapa inapata mafuta yaleyale na hewa pungufu, ndio huo moshi. Funga sindano, ile skrubu ya kabureta inayopima mafuta, kidogo kidogo, robo ya mzunguko ya kwanza alafu vipande vidogo zaidi. Unaweza pia kutoa shimu moja, ile washa nyembamba ya milimita 0.1 chini ya kichwa cha silinda, kurudisha kompresheni, lakini zungusha kwa mkono kwanza uhakikishe pistoni haigusi. Na ushuke saizi moja ya propela. Kama umewekewa X445, hiyo 4 ya kwanza inasema pichi, yaani umbali wa kusonga mbele kwa mzunguko mmoja, ni mara 1.4 ya upana, na 45 ni milimita za upana, basi jaribu 442 au 440. Nguvu zote za Uingereza huzipati hapa, hewa haipo, lakini utapata boti inayokimbia vizuri.

Hiyo ya kufa kwa kona sasa ndio ugonjwa wenyewe wa injini mbili. Watu wanaseti zote pamoja, wanaskiza mlio mmoja, na masikio yanadanganywa, ile yenye nguvu inafunika ile dhaifu. Seti moja moja. Anza na kabureta: weka biti ya drili ya milimita moja kwa mdomo wa kabureta ya kushoto, funga gesi mpaka iiguse, alafu biti ileile kwa ya kulia. Zisipolingana rekebisha fimbo, si sindano. Alafu fungua gesi yote uangalie zinafika mwisho pamoja. Paipu za moshi pia pima kutoka kwa plagi mpaka pale paipu imenona zaidi, ziwe sawa pande zote mbili, ju paipu fupi inataka mizunguko mingi na ndefu inataka michache, na injini mbili zenye paipu tofauti zitavutana siku nzima.

Baada ya hapo kimbiza laini moja ndefu kwa gesi yote, zima ghafla, ilete, toa plagi zote mbili uziweke kwa kiganja. Waya ukiwa unang'aa na umelowa, mafuta ni mengi. Ukiwa wa kijivu kavu lakini umenyooka, hapo ni pazuri. Ukiwa umepindika au umekatika, ulikuwa unachoma injini. Ukipata kushoto kijivu na kulia imelowa usiguse ya kushoto, rekebisha ya kulia peke yake, rudi majini. Na usiinguruze nchi kavu kwa muda, sekunde chache tu, ju haina maji ya kuipoza na haina mzigo.

Niongeze moja iliyonipata mimi. Niliseti boti yangu vizuri kabisa hapa Nairobi, nikaishusha Mombasa, nikaiweka maji ya Tudor bila kugusa sindano. Kule hewa ni nzito, mafuta yakawa machache kwa ile hewa yote, ikakimbia laini mbili kwa mlio mtamu sijawahi kuskia, ya tatu ikanyamaza. Pistoni ilikuwa imeyeyuka ukingoni kama mshumaa. Sai nikishuka pwani nafungua sindano kabla hata ya kutoa boti kwa gari, na jioni naiosha yote na maji baridi ya mfereji ju ya chumvi.

Fundi, kijana wangu wa kidato cha tatu ameanza huu mchezo na rafiki zake, na naona wananunua methanoli. Mimi nikiskia hilo neno nakumbuka wale watu walikufa kwa pombe. Nimkataze? – Mama wa South B

Mama shikamoo, na hofu yako ni ya haki kabisa. Mwezi Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu Embu, Kiambu na kwingineko, na wengine wakapofuka. Ni kitu kilekile. Mchezo simkatazi, lakini mafuta asiyashike peke yake.

Mimi ningependa yawe chini ya ufunguo wako. Yakae kwa debe lake la asili lenye maandishi, yasiwahi kumiminwa kwa chupa ya soda wala ya maji hata kwa dakika tano, hapo ndipo maafa yanaanzia. Avae glavu, ju inapita kwa ngozi, na asivute mdomoni na mpira kama wale wa kuiba petroli. Moto wake mchana hauonekani, unaweza kuwa unaungua na wewe unaona tu hewa inatetemeka, kwa hivyo ndoo ya maji iwe karibu, methanoli inachanganyika na maji na inazimika. Wasijaribu kuchanganya nitro wenyewe. Kwa kujifunza inatosha methanoli 80 na mbarika 20, bila nitro kabisa, na plagi ya moto zaidi. Injini itapungua makali kidogo lakini itaishi muda mrefu, na Marekani wanaoweka nitro nusu ya tangi ni watu wa mashindano wenye injini za akiba. Wanunue kwa duka la kemikali lenye leseni na mtu mzima awe hapo, na ikiwezekana huyo mtu mzima awe wewe.

Tunakimbizia wapi na tunashindana vipi? Tuko watano. – Wa Lang'ata

Bwawa la Nairobi liko karibu na wewe na najua unaliangalia. Zamani watu waliendesha mashua za matanga pale. Sai ni magugu maji na maji taka, gugu moja likishika propela kebo imekatika, na maji yenyewe yataziba mirija ya kupoza injini. Inaniuma kila nikipita. Afadhali muombe mabwawa ya mashamba upande wa Limuru na Tigoni, muende mkutane na mwenyewe ana kwa ana, mmweleze kuna kelele na mtakimbiza saa fulani mpaka saa fulani, na mrudi na kila chupa mliyokuja nayo. Naivasha ni pazuri pia, kama kilomita 90, ila huko kuna viboko, na nitarudi hapo.

Mashindano ya oval, yaani ya kuzunguka njia ya umbo la yai, kama wanavyofanya Marekani yanaenda na mshale wa saa, kona zote za kulia, kwa hivyo pezi la kukatia kona linafungwa upande wa kulia wa boti. Hakuna kusimama kwa laini. Boti zinaingia majini, zinazunguka pole pole, kuna saa inahesabu kurudi nyuma, na unatakiwa uvuke laini kwa gesi yote ikigonga sifuri. Ukivuka mapema unaadhibiwa. Hiyo kuhesabu ndio tamu yenyewe, na kwa injini mbili ni ngumu maradufu ju ukikaa pole pole sana moja inaloa na kuzima, boti inageukia upande wa ile iliyokufa, na uko katikati ya wenzako wanne. Msiseti mwendo wa polepole chini sana. Na mpe kila mtu msaidizi wa kusimama naye na kumwambia nani yuko wapi, macho ya dereva yasitoke kwa boti yake.

Boti ikizima majini wote wanafunga gesi na kuleta zao kabla mtu hajaingia na ngalawa. Naivasha msiingie kabisa bila mvuvi wa pale anayejua viboko wako wapi siku hiyo, na jioni msiingie hata na yeye. Fungeni fimbo ya kuvulia yenye mpira wa tenisi kwa ncha ya mshipi, mrushe upande wa pili wa boti mvute pole pole. Ikikataa kufika, ngojeni upepo, kwa ile foamu mliyojaza itaelea mpaka asubuhi.